Kamera za mitumba kwenye ghala la mahindi, Tororo: shajara ya kazi

Jumamosi, 22 Februari 2025

Leo ndo nimeanza rasmi kuzirekebisha kamera za ghala. Ghala ni la kikundi cha akina mama wanaonunua mahindi msimu wa mavuno na kuyatunza mpaka bei ipande, liko hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, na kamera walifungiwa mwaka jana. Seti ni ya mitumba kutoka Kampala, supamaketi moja ilikuwa inafunga ikauza kila kitu, kamera 8, DVR (boksi linalorekodi picha) ya chaneli 8, saplai moja ya umeme ya 12V na mzigo wa waya. Walilipa shilingi 550,000 kwa vyote wakaona wamepata. Alafu mwezi huu usiku mmoja magunia 6 yakaondoka.

Rekodi ipo, nimeitazama labda mara ishirini. Saa ya DVR inasema ni saa tano asubuhi na picha ni giza la usiku wa manane, kwa hiyo saa nayo ni ya kurekebisha. Mtu anaingia mlangoni mikono mitupu, anatoka na gunia begani, anarudi, anatoka tena, mara sita, hana hata haraka. Na uso wake ni doa, doa la kijivu lenye miraba miraba kama nguo iliyofumwa vibaya, ukiikuza inakuwa miraba mikubwa zaidi basi.

Sasa kwa sababu uso hauonekani watu wamejaza wenyewe. Wanachama watatu wanne walisema urefu unafanana na wa Mzee askari, na Mzee askari akaambiwa akae nyumbani kwanza, mshahara wa mwezi ukashikwa. Mzee amelinda pale miaka tisa. Mama Mwenyekiti ndo aliyenifuata dukani, akaniambia, "Mwanangu, mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Mimi siamini ni yeye, lakini picha ndo hiyo na siwezi kuapa." Nikamwambia mama nipe mwezi mmoja. Hela ya kamera mpya hakuna, hela yote iko kwenye mahindi, kwa hiyo ni kutoa uhai kwenye hizihizi zilizopo.

Hali niliyoikuta leo, naandika nisisahau:

Namba 1, mlango wa ghala: mchana inaridhisha, usiku chenga tupu na mara picha inakatika. Namba 2, geti: mistari mipana myeusi inapanda polepole kutoka chini kwenda juu muda wote. Namba 3, nyuma ya ghala: majani ya kijani yanatoka zambarau. Namba 4, ndani ya ghala: usiku ukungu mweupe. Namba 5, ofisi: picha inapepesa wakiwasha taa ya tyubu. Namba 6, kwenye mzani: picha hafifu, yote imefifia kama nguo iliyofuliwa sana. Namba 7 na 8: hakuna picha.

Jumapili, 23 Februari

Nimeshusha kamera zote isipokuwa namba 1, nikazipeleka dukani. Hapa naomba mtu yeyote anayefanya kazi hii anisikilize. Usianze kuhukumu kamera ikiwa juu ukutani, maana pale unapima vitu vinne kwa pamoja, kamera yenyewe, waya wa picha, umeme na DVR, na vyote vinne ni mitumba. Mimi nachukua kebo mpya ya mita 1, adapta moja ya 12V ninayoiamini, na DVR mezani, alafu naunganisha kamera moja moja. Ikionesha vizuri mezani na vibaya ukutani basi kamera haina kosa.

Majibu yamenishangaza. Namba 2 ambayo kila mtu alisema imekufa macho, mezani haina mstari hata mmoja, picha safi kabisa unasoma maandishi madogo kwenye boksi la vocha. Namba 6 nayo safi. Namba 4 safi mchana. Namba 5 bado inapepesa, namba 3 bado ni zambarau, kwa hiyo hizo mbili ugonjwa uko ndani yao.

Namba 7 ilikuwa haijafa hata kidogo. Hizi kamera za waya wa koaksi (ule waya wa picha) zinaongea lugha tofauti, kuna TVI, kuna AHD, kuna CVI na kuna analogi ya zamani, na DVR hii inakula TVI na analogi tu. Namba 7 ilikuwa imewekwa AHD. Kwenye mkia wa waya wake kuna kitufe kidogo kama cha rimoti ya mchezo, ukikisukuma upande mmoja ukakishikilia sekunde tano hivi inabadilika lugha, upande mwingine lugha nyingine. Nimesukuma, nimehesabu, picha ikafunguka mbele yangu. Dogo wangu wa dukani alipiga makofi. Kamera ilikuwa imetundikwa miezi yote hiyo juu ya njia ya choo ikiongea peke yake.

Namba 8 kweli imekwisha, ina mistari ya wima iliyoungua kwenye sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea picha), haiponi. Ila lenzi yake ni nzima na imeandikwa 6mm, naiweka kwenye kikopo, nitaihitaji.

Kazi ya namba 5 imechukua dakika mbili. Kwenye menyu yake ilikuwa imewekwa NTSC, ambayo ni ya nchi zenye umeme wa hertz 60 kama Marekani. Sisi umeme wetu ni hertz 50, taa ya tyubu ya balasti inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, kamera inayopiga picha 30 kwa sekunde haiendani nayo na ndo unaona mawimbi yale. Nimeiweka PAL, picha 25 kwa sekunde, imetulia.

Jumatano, 26 Februari

Leo nimekaa na DVR peke yake, na leo ndo nimejua kwa nini uso wa mwizi ni doa.

Kwanza diski. Ndani bado kulikuwa na video za ile supamaketi, wateja, wafanyakazi, watoto wa watu. Sikuzitazama. Mara tu nilipotoa rekodi ya wizi kwenye fleshi mbili, moja kwangu moja kwa Mama Mwenyekiti, nimeiformati yote. Uganda tuna sheria ya ulinzi wa data na faragha tangu 2019 na hata kama isingekuwepo, picha za watu wasiokuhusu si mali yako kwa sababu umenunua boksi. Nimebadilisha na nywila, ilikuwa ile ya kiwandani. Betri ya saa ndani, CR2032, ilikuwa imekufa, ndo maana kila umeme ukikatika saa inapotea. Elfu tatu, kwisha.

Sasa lenyewe. Ukiitazama kamera moja kwa moja kwenye monita picha ni ya 720p, pikseli (vidoti vinavyounda picha) 1280 kwa 720. Lakini setingi ya kurekodi ilikuwa CIF. CIF ni pikseli 352 kwa 288! Yaani mtu alitaka diski idumu muda mrefu akabana rekodi mpaka ikakonda, na hakuna aliyejua kwa sababu mchana wakikaa mbele ya monita wanaona vizuri. Usiku hakuna anayekaa mbele ya monita.

Nimepiga hesabu kwenye karatasi. Kamera namba 1 ina lenzi ya 3.6mm, sensa yake ni ya theluthi moja ya inchi, upana kama 4.8mm. Mlango uko mita 6 kutoka kwenye kamera. Gawanya 4.8 kwa 3.6 zidisha kwa 6, unapata upana wa mita 8 ambao kamera inaona pale mlangoni. Pikseli 352 zikigawanywa kwenye mita 8 ni 44 kwa kila mita. Uso wa mtu una upana wa sentimita 16 hivi. Kwa hiyo uso wote wa mwizi, macho, pua, mdomo, kila kitu, umepewa pikseli 7. Saba! Hata mama yake mzazi asingemtambua.

Jioni nimempitia Mama Mwenyekiti kumweleza. Aliniuliza swali ambalo watu wote huuliza, kama kompyuta haiwezi kuikuza na kuisafisha. Nikachukua punje saba za mahindi nikazipanga mezani, nikamwambia mama, nichoree uso kwa hizi. Akazitazama, akaziokota moja moja akaziweka kwenye mfuko wa gauni, akasema basi tuendelee na kazi.

Setingi mpya: namba 1 na 2 zinarekodi 720p muda wote kwa megabiti 2 kwa sekunde, hiyo ni kama gigabaiti 21.6 kwa siku kila moja. Zilizobaki zinarekodi 720p pale tu kitu kikisogea. Diski ni ya terabaiti 1, wiki mbili na zaidi zinapatikana na zinatosha.

Jumamosi, 1 Machi

Jioni nimepanda ngazi na mita ya umeme mkononi. Namba 1, mlangoni. Saa kumi na mbili jioni kukiwa na mwanga kwenye ncha ya waya kamera inapata 11.5V, vizuri. Nikakaa palepale juu ya ngazi nikingoja giza. Taa za infraredi zilipowaka tu, zile taa nyekundu hafifu kuzunguka lenzi zinazoisaidia kamera kuona gizani, mita ikashuka, 10.8, 10.1, ikasimama 9.5. Na kwenye simu yangu naona picha imeanza chenga. Kamera inahitaji 12V, mchana inakula umeme kidogo, usiku infraredi zinaongeza mara tatu hivi mpaka nusu ampea, na waya ni mwembamba na mrefu mita 45, kwa hiyo umeme unaishia njiani. Saa ileile mwizi anapohitaji kuonekana kamera inakuwa na njaa.

Nikakata kipande cha ule waya nikakwangua kwa kisu. Juu rangi ya shaba, ukikwangua mara mbili tatu chini ni nyeupe, alumini iliyopakwa shaba. Alumini ile inazuia umeme zaidi ya shaba kama mara moja na nusu, na kwenye maungio inafanya kutu nyeupe ya unga. Waya wa namna hii umejaa sokoni, unauzwa rola nzima kwa bei ya kuvutia. Muuzaji hana haja ya kukudanganya maana wengi hawaulizi. Uliza. Na ubebe kisu.

Saplai nayo nimeifungua, kapasita mbili vichwa vimevimba kama mandazi. Nitabadilisha zote mbili, ukiacha moja utapanda ngazi tena baada ya mwezi.

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua waya wa shaba tupu wa milimita mraba 1.5, mita 50, na koaksi RG59 ya shaba mita 50, na maungio ya BNC (vichwa vya kuchomekea waya wa picha) ya kubana kwa koleo, si yale ya kuzungusha kwa mkono. Yale ya kuzungusha yanalegea kwa joto la mabati, mchana bati linatanuka usiku linajikunja, baada ya miezi michache neti ya nje ya waya inagusa mara haigusi. Jumla imekwenda kwenye laki mbili, Mama Mwenyekiti amelipa kutoka kwenye akiba ya kikundi na nimempa risiti zote.

Usiku huu namba 1 ikiwa na infraredi zimewaka: 11.6V. Chenga zimekwisha. Nimeangalia dakika kumi nzima bila kufanya kitu kingine.

Alhamisi, 6 Machi

Namba 2, mistari inayopanda. Hii imenila siku tatu na naiandika kwa kirefu maana najua kuna fundi mahali anaivunja kamera nzima kwa sababu ya hii kitu.

Mezani safi, getini mistari. Nimebadilisha koaksi, mistari. Nimebadilisha saplai, mistari. Nimebadilisha chaneli kwenye DVR, mistari ileile mwendo uleule, inapanda polepole kama moshi. Leo jioni nilikuwa nimechoka nikafungua skrubu za kamera kutoka kwenye nguzo ya chuma ya geti ili niiteremshe, nikiwa nimeishika hewani, dogo akapiga kelele kutoka ofisini, "Fundi, imepona! Umefanya nini?" Sikuwa nimefanya kitu. Nikaigusisha tena kwenye nguzo. "Imerudi!" Nikaitoa. "Imepona!"

Basi ndo hapo. Nguzo imesimama ardhini, mwili wa kamera ni chuma na umeshikana na neti ya koaksi, na kule ofisini DVR imeshikana na ardhi ya soketi. Ardhi mbili sehemu mbili tofauti, hazina nguvu sawa. Nimechomoa koaksi kwenye DVR nikapima kati ya neti yake na bodi ya DVR: volti 4 za AC. Zile volti zinatembea kwenye neti ya waya wa picha na kwa sababu ni za hertz 50 za gridi unaziona kama mistari.

Dawa si kukata mguu wa ardhi kwenye plagi. Nimeona mafundi wanafanya hivo na mistari inaondoka kweli, ila umemwachia mtu kifaa kinachoweza kumuua. Dawa ni kutenga kamera na chuma. Nimekata soli ya kandambili ya zamani vipande viwili, nikaweka ubao mgumu katikati, kamera imefungwa kwenye ubao, ubao umefungwa kwenye nguzo, na skrubu za huku hazigusani na za kule. Mistari hakuna. Mvua ya jioni imepita, bado hakuna.

Namba 6 iliyofifia ilikuwa rahisi, nyuma ya DVR kulikuwa na ungio la T lililobaki tangu supamaketi, tawi moja limeingia DVR tawi lingine linaenda kwenye televisheni iliyokuwa imewekwa ofisini kwa ajili ya wageni. Waya mmoja wa ohm 75 unalisha mizigo miwili, kila mmoja anapata picha hafifu. Nimetoa T, rangi zimerudi.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya vumbi. Tororo tuna vumbi la saruji na ghala lina vumbi la mahindi, hivi viwili vikikutana na umande kwenye kioo cha kamera vinakuwa kama plasta. Sikusugua kavukavu, unakwaruza. Maji ya uvuguvugu kwanza na sabuni kidogo ya vyombo, kitambaa laini, mara mbili. Buibui nimewaondoa namba 3 na 7, infraredi inavuta wadudu na wadudu wanavuta buibui, alafu usiku uzi mmoja tu mbele ya lenzi unang'aa kama kamba. Hii ni ya kila wiki na nimemfundisha binti wa ofisini.

Namba 4, ule ukungu mweupe. Ni kamera ya kuba. Ndani yake kuna pete ya sponji nyeusi inayozunguka lenzi na kugusa kioo cha kuba, kazi yake ni kuzuia mwanga wa infraredi usizunguke ndani ya kioo ukarudi kwenye lenzi. Sponji ilikuwa imeoza, niliigusa kwa kidole ikawa unga. Nimekata nyingine kutoka sponji iliyofungia simu mpya, nikaipima mara tatu mpaka ikabana sawasawa. Usiku huu naona mpaka nyuzi za magunia ya safu ya mbele.

Namba 3, zambarau. Kamera za usiku zina kichujio kidogo cha infraredi, mchana kinasimama mbele ya sensa, usiku kinasogea pembeni. Kikikwama pembeni, mchana majani yanakuwa zambarau. Jaribu hivi: funika kamera kwa kiganja uiweke sikioni, unatakiwa usikie "tik". Yangu kimya. Nimefungua, kiplagi cha waya mbili nyembamba kama nywele kimechomoka nusu. Nimekirudisha, nimefunika, tik. Nimeachia, tik. Majani ya kijani.

Alafu usiku, baada ya futari, jambo ambalo nilikuwa nalifikiria tangu 26 Februari.

Uso hatuna na hatutaupata. Lakini urefu? Watu ndo walichoshika, urefu. Kamera namba 1 sijaigusa mkao wake wala lenzi, tundu za skrubu ni zilezile. Nimerudisha DVR kwenye CIF kwa saa moja, nikamwomba Mzee askari aje. Alikuja na kanzu, amefungua na tende na uji tu, nikamwomba avae gambuti zake za kazi na apite mlangoni mikono mitupu akikanyaga kizingiti, mara tano, kama mwizi alivyoingia.

Nimehamisha picha kwenye laptopu. Mlango nimeupima kwa tepu, mita 2.10, na kwenye picha una pikseli 131 kutoka kizingiti mpaka juu, kwa hiyo kila pikseli ni sentimita 1.6. Mwizi alipokanyaga kizingiti kati ya kichwa chake na boriti ya juu zimebaki pikseli 17, sentimita 27. Mzee kwenye mstari uleule, kizingiti kilekile, na gambuti miguuni, zimebaki 25, sentimita 40. Nimehesabu mara ya kwanza, ya pili, nikamwita dogo ahesabu bila kumwambia jibu langu, akapata 25. Mwizi amemzidi Mzee sentimita 13 hivi. Hata nikikosea pikseli mbili huku na mbili kule bado amemzidi. Na mtu anaweza kuinama akaonekana mfupi, ila kurefuka hawezi.

Nimechapisha picha zote mbili kwenye karatasi moja na mistari nimeichora kwa kalamu nyekundu. Mzee aliiangalia, hakusema kitu, akaomba ruhusa akaswali palepale kwenye turubai la mahindi.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua zimeanza na radi zimekuja nazo. Tororo hii si ya kuchezea, vipimo vya hali ya hewa vya 1967 hadi 1976 vilionesha wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka hapa. Jana usiku imepiga karibu na kinu, ghala halikuguswa ila chaneli ya 6 ya DVR imeondoka, kamera yenyewe nzima nimeijaribu mezani. Nimeihamishia chaneli ya 8 iliyokuwa tupu. Imeniuma kwa sababu kinga za radi nilizipanga kwenye bajeti nikazisogeza mbele ili ninunue waya. Leo zimeingia namba 1, 2, 3 na 7, zile za nje, na nondo ya ardhi nimeipigilia upande wa kaskazini ambapo udongo haukauki.

Jumatano, 19 Machi

Lenzi. Kwa 720p namba 1 sasa inatoa pikseli 160 kwa mita pale mlangoni, 1280 gawanya kwa 8. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, toleo la 2014, kinasema 125 inatosha kumtambua mtu unayemjua, lakini kumthibitisha mtu usiyemjua unahitaji 250. Na mwizi wetu huenda hatumjui. Ndo nikatoa kile kikopo chenye lenzi ya 6mm ya marehemu namba 8. Nyuzi zake za kuzungushia ni zilezile za milimita 12. Hesabu: 4.8 gawanya 6 zidisha 6, kamera sasa inaona upana wa mita 4.8, na 1280 kwenye mita 4.8 ni 267. Uso unapata pikseli 43 badala ya 7.

Unapoteza pembeni, sioni tena kona ya mzani, ila kwa mlango hiyo ni biashara nzuri na mzani una namba 6 yake. Lenzi ilitengenezwa kwa kamera ya zamani ya analogi kwa hiyo kona za picha ni laini kidogo, katikati ni kali, na mlango uko katikati.

Foksi, yaani ukali wa picha, nimeiweka usiku. Mchana nilikuwa nimeikaza ikawa nzuri sana, giza lilipoingia ikawa na ukungu, maana mwanga wa infraredi haukutani mahali pamoja na mwanga wa kawaida ndani ya lenzi. Kwa hiyo nimepanda tena saa tatu usiku, dogo amesimama mlangoni ameshika gunia lenye maandishi, nazungusha lenzi kwa ncha ya vidole, chini ya robo mzunguko, mpaka dogo mwenyewe akasomeka na gunia likasomeka. Tone la gundi, nimefunga. Mchana imebaki nzuri vyakutosha, na mimi nilikuwa nautaka usiku.

Jumamosi, 22 Machi

Kikao cha wanachama ofisini, saa mbili na nusu usiku, akina mama kumi na wanne na chai. Nimewaomba vijana watano wa mtaa wapite mlangoni mmoja mmoja kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe siujui. Taa za nje zimezimwa. Akina mama wanawataja kwenye skrini kabla hawajafika katikati ya kizingiti, "huyu ni wa kwa mama fulani," "huyu amenyoa leo," wote watano. Wa sita hawakuambiwa. Kijana mgeni, dereva wa boda kutoka Malaba, hakuna aliyemjua, nikasimamisha picha na kila mmoja akaweza kusema ana kovu juu ya jicho la kushoto. Alipoingia ofisini wakaliona kovu.

Baadaye Mama Mwenyekiti akaweka mezani ile karatasi yenye mistari myekundu na picha mpya pembeni. Nilieleza pikseli 17 na pikseli 25, nikaeleza pia kwamba rekodi ya Februari haiwezi kutuambia ni nani, inaweza kutuambia ni nani hakuwa. Kulikuwa na maswali mengi, moja zuri sana kuhusu gambuti na viatu vya kisigino, tukalipima kwa tepu palepale. Mama mmoja kati ya wale waliosema urefu unafanana aliishika karatasi muda mrefu, alafu akatoka nje kwenye veranda alikokaa Mzee, na nikamsikia anamwita baba.

Mshahara wa Februari umelipwa usiku huohuo, noti zimehesabiwa mbele ya wote. Mzee anaingia zamu Jumatatu saa kumi na mbili jioni. Namba 7 bado iko kwenye waya wa zamani wa alumini, mita 30, usiku inapata 10.4V. Waya wake nanunua wiki ijayo.